Shomoro Aliyesomesha Watoto Wanne

Ningeweza kusema hapana. Ni neno dogo, na siku ile hakuna aliyenishika shati. Afisa misitu aliinua kalamu akauliza tumwandike nani kuwa msemaji wa mwisho, nami nikajibu, "Niandike mimi," kabla hajageuka kutazama upande wa pili wa benchi, alikokuwa amekaa shemeji yangu.

Nieleze kwanza cheo hicho kilikuwa cha nini. Sisi ni kikundi cha watazama ndege hapa Tabora, watu tisa tulipokuwa wengi: walimu wawili, muuguzi mstaafu, fundi cherehani wa Kanyenye, na wengine waliokuja mara moja kwa udadisi wakanogewa. Jumamosi tunatembea, mara bwawani, mara kwenye msitu wa miombo, mara kwenye kipande cha njia ya zamani ya misafara upande wa mashariki, ambako bado ipo miembe mikubwa iliyojipanga mstari na hondohondo wanaipenda. Tunaandika tulichokiona, na afisa misitu, mwanamke kijana mwenye subira, anatuma orodha kwa watu wanaokusanya habari za ndege wa nchi nzima. Watu hao wakaleta ujumbe kwamba orodha zetu zinawachanganya: ndege mmoja, mti mmoja, majina matatu. Walitaka awepo mtu mmoja ambaye ubishi ukitokea, neno lake ndilo linaloandikwa.

Nilikuwa na darubini. Nilikuwa na kitabu cha ndege chenye picha za rangi. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne. Shemeji yangu, mdogo wa kiume wa mke wangu, aliishia darasa la saba, na chombo chake kilikuwa masikio. Alikuwa mrina asali tangu ujana. Mizinga yake ilikuwa kwao Tura, na asali aliiuza mwenyewe Kanyenye, alikopanga chumba. Ndege aliyekuwa nyuma ya majani, ambaye mimi ningemzunguka kwa nusu saa na darubini yangu, yeye alimtaja akiwa bado anafunga kamba za viatu. Kwa kawaida alimtaja kwa Kinyamwezi, na hapo ndipo nilipojipa sababu ya kumpita. Nilijiambia kwamba watu wa orodha wanataka majina yaliyo kitabuni.

Sababu ya kweli ni kazi niliyoifanya. Hadi kustaafu nilikuwa mpangaji wa madaraja kwenye masoko ya tumbaku. Robota linafunguliwa mbele yako, unashika jani, unalinusa, unalinyoosha kwenye mwanga, unataja daraja, unakwenda robota linalofuata. Husiti. Ukisita, mkulima anaanza kukueleza habari za mvua. Mara nyingi nilipofika robota la tatu nilijua la kwanza nilikuwa nimelikosea, na sikurudi nyuma hata mara moja. Nililiona hilo kuwa uthabiti. Nikalileta hivyo hivyo kwenye ndege.

Kabla kikundi hakijaanza, mimi na shemeji tulikuwa tunatembea wawili tu. Alipitia kwangu Cheyo asubuhi, akasimama mlangoni akapaza sauti, "Bado hujafa?" Nami nilijibu kutoka ndani, "Nakusubiri wewe utangulie." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu tangu nilipomwoa dada yake. Nilikuwa nimemzidi miaka minane, na kwa umri alitakiwa kuniamkia shikamoo, lakini hakuwahi. Mtu na shemeji yake hapa kwetu ni watani, na utani wetu ulikuwa wa kila siku, kama chai.

Tulikuwa na sheria moja. Kikapu chenye chupa ya chai na mihogo ya kuchemsha kilibebwa na aliyekosea ndege wa mwisho, mpaka mwenzake naye akosee. Nadhani haihitaji niseme kikapu kilikaa kwenye mkono wa nani.

Kosa lililonipa sifa lilikuwa la bwawani. Niliona ng'ambo ya maji kongoti wawili, wale ndege wakubwa wenye upara wanaosimama kama wanasubiri kusomewa hukumu. Migongo myeusi, vifua vyeupe, mabega yamepanda hadi masikioni. Nikasema, "Kongoti, wawili. Yule wa kushoto ni mzee zaidi."

Shemeji alitazama kwa macho yake matupu. "Una hakika?"

"Hakika kabisa. Ona wanavyosimama."

Kongoti wa kushoto akainama akavua viatu.

Walikuwa wazee wawili wa kanisa, wamevaa makoti meusi na mashati meupe, wamekuja kupima kina cha maji kwa ajili ya ubatizo. Shemeji alikaa chini kabisa. Alicheka hadi akashika mbavu, na baadaye tulipopishana na wazee wale njiani akawasalimia kwa heshima zote, kisha akanigeukia mbele yao akaniuliza, "Shemeji, hawa ni wale waliokuwa wanataka kuruka?" Nyumbani alimsimulia dada yake. "Macho yake mawili, ya miwani mawili, ya darubini mawili. Macho sita, na bado anawafanya wazee wa kanisa kuwa kongoti. Dada, nilikwambia usubiri kidogo kabla ya kuolewa."

Mke wangu alicheka, nami nilicheka, nikaosha kikapu. Nilikuwa nakosea kila wiki, na kila wiki nilijua zaidi kuliko wiki iliyopita, kwa sababu alikuwepo mtu wa kunicheka papo hapo.

Halafu nikawa msemaji wa mwisho.

Kosa la kwanza nikiwa na cheo lilitokea kwenye njia ya misafara, mahali ambapo nyumba zimeisogelea. Kwenye nyasi nikaona ndege wa kahawia mwenye madoa akipekua chini. Nikawapungia wenzangu mkono, nikalala kifudifudi, mzee wa miaka sabini, na wote wakalala nyuma yangu. "Kware," nikanong'ona. Kisha nikaona kitu chekundu mguuni. "Ana pete! Huyu alishashikwa na watafiti wakamvisha pete. Huenda ametoka nchi za mbali sana." Muuguzi akaandika: pete nyekundu, mguu wa kushoto.

Tulilala hapo kama robo saa. Mwanamke mmoja akatokea na jembe begani.

"Shikamooni wazee wangu. Mmeanguka?"

"Marahaba. Taratibu, mama," nikasema. "Tunamtazama kware."

"Kware yupi?"

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Huyo ni kuku wangu. Hicho kitambaa nimemfunga mimi, maana jirani naye anaye wa rangi hiyo hiyo, na jirani mwenyewe namjua."

"Mama," shemeji akasema akiwa bado amelala, sauti inamtetemeka, "mwenzetu alisema ametoka nchi za mbali."

"Ametoka jikoni."

Fundi cherehani alibiringika kwenye nyasi. Hata afisa misitu aligeuza uso. Tulipoinuka, shemeji alinipa kikapu bila kusema neno, kama ilivyokuwa desturi.

Sikukipokea. Nikajipangusa magoti nikasema, "Msemaji wa mwisho hakosei. Anasahihisha."

Alicheka akakibeba mwenyewe. Alidhani namtania. Nilikuwa sitanii, na hilo nilimwachia aligundue pole pole peke yake. Kwa wiki kadhaa alikuwa ananinyooshea kikapu na mimi nakitazama tu, mpaka akaacha kukinyoosha.

Jumamosi ya shomoro tulikuwa msituni, watu wote tisa. Miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya, yale mekundu. Ndege mdogo wa kijivujivu alitua kwenye tawi lililo wazi, akakaa kimya, hana rangi yoyote ya kumtaja. Nilimpa muda ule ule wa jani la tumbaku.

"Shomoro," nikasema. "Jike."

"Huyo ni ndege wa asali," shemeji akasema nyuma yangu.

Ndege wa asali ni yule anayewaita watu msituni na kuwapeleka hadi kwenye nyuki. Mrina asali anamjibu kwa mluzi na kwa kugonga miti, wanaongozana, asali ikitolewa anaachiwa kipande cha masega. Shemeji yangu alikuwa amefanya kazi na ndege huyo maisha yake yote, kama dereva na utingo wake.

"Ni shomoro," nikasema.

"Msubiri aruke, shemeji. Utaona mkia una weupe pembeni."

Ndege hakuruka. Mimi pia sikusubiri. Nilifungua kitabu, nikapata picha ya shomoro jike, nikaizungusha ili kila mtu aione. Ilifanana, maana ndege wa kijivu wote wanafanana kwa mtu mwenye haraka.

"Basi kama ni shomoro," akasema shemeji, "shomoro huyo amenisomeshea watoto wanne."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kunipa mlango wa kutokea. Ningecheka nao, ningesema lete kikapu, na hadithi ingeishia hapo. Afisa misitu alikuwa ameshika kalamu. Akauliza kwa upole, "Mzee, niandike lipi?"

"Aliyeandikwa kusema neno la mwisho ni mimi au ni yeye?" nikamuuliza. "Masikio hayaingii kwenye orodha. Andika shomoro."

Shemeji alinitazama, si kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayesoma kibao cha duka ili ajue kama ni lenyewe. Kisha akasema, "Sawa, mheshimiwa."

Tukaondoka. Hatukufika mbali, nyuma yetu ikaanza sauti, ile kama kiberiti kinachotikiswa karibu na sikio. Ndege wa asali akiita. Hata mimi niliijua sauti ile; nadhani kila aliyekuwepo aliijua. Katika miaka yote sikuwahi kumwona shemeji akiitwa na ndege yule asimjibu. Aliwahi kumjibu akiwa amebeba jeneza msibani, mluzi mdogo tu, wa kumwomba radhi. Siku ile alinyamaza. Alitembea mbele yangu na kikapu mkononi, kiberiti kikitikiswa nyuma yetu, ndege akituruka akirudia tena mbele, akiwa na weupe pembeni mwa mkia. Hakujibu kwa sababu angejibu, ningeumbuka mbele ya watu wanane.

Orodha ikaenda na shomoro wake.

Jumamosi iliyofuata alipita kwangu kama kawaida. Alibisha hodi. Nikamfungulia, akasimama wima, akasema, "Shikamoo."

Nilikaa nikasubiri sehemu ya pili, ya kunidhihaki. Haikuja. Nikasema, "Marahaba." Shikamoo haina jibu lingine.

Mke wangu alikuwa uani anapepeta mchele. Ungo ukasimama. Shemeji alipotangulia nje, akaniuliza, "Mdogo wangu amekusalimia nini?"

"Shikamoo."

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Ni adabu tu, umri umekwenda."

"Usinidanganye mimi. Yule alikuita mzoga siku ya harusi yetu mbele ya padri. Umemfanya nini?"

Nilimweleza. Alirudia kupepeta, kisha akasema bila kunitazama, "Kamwombe kikapu." Nilimwambia nitamwomba siku nikiona inafaa. Sikuiona siku hiyo kwa zaidi ya mwaka. Wakati huo wote shemeji alikuja matembezini, akanipisha nitangulie, akaniita mheshimiwa, na kila nilichokitaja alikubali kwa kichwa. Niliwataja ndege ambao hawajawahi kufika mkoa huu. Alikubali. Kisha akarudi Tura kuishi karibu na mizinga yake. Sisemi alihama kwa ajili yangu. Mizinga ilikuwa kule siku zote. Lakini siku zote hizo alikuwa anakaa huku.

Alipoondoka ndipo nilipoanza kazi ambayo nilipaswa kuifanya mapema. Nilichukua nakala za orodha zote za muda wangu wa cheo, nikaziweka mezani, nikaweka alama kwenye kila ndege niliyemtaja kwa haraka. Zilikuwa kumi na moja ambazo nilijua nimekosea, na nyingine nyingi ambazo sikuwa na hakika nazo. Nikaamua kurudi mahali pa kila moja. Nilikwenda kwa miguu, au kwa bodaboda palipokuwa mbali, nikakaa kimya na darubini ikiwa ndani ya mfuko. Nilitaka kusikia kwanza. Nilirekodi sauti kwa simu, nikazisikiliza nyumbani mpaka mke wangu akauliza kama sasa anaishi na mume au na kichaka. Kwenye ule mti wa shomoro nilikwenda mara saba. Mara ya saba alikuja. Alitikisa kiberiti chake, nami nikapiga mluzi, mbaya sana, wa mzee mwenye mapengo, akanipeleka mti kwa mti hadi kwenye shina lenye nyuki. Sijui kurina. Nilisimama chini nikamwambia anisamehe, nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Kisha nikaandika barua. Niliisoma mwenyewe mbele ya kikundi, kosa moja baada ya jingine: tarehe, mahali, nilichosema, alichosema shemeji, nani alikuwa sahihi. Ilichukua muda. Nilipofika kwa kuku wa jikoni walicheka. Nilipofika kwa shomoro hawakucheka. Nikaomba nifutwe cheo na cheo chenyewe kifutwe, na pakiwa na ubishi waandike kwamba tulibishana. Afisa misitu alituma masahihisho yote, na kwenye ndege wa asali akaandika kwamba aliyemtambua ni shemeji yangu.

Nakala nikaipeleka Tura kwa treni. Sikumpigia simu, niliogopa angeniambia ana kazi. Nilimkuta asubuhi nje ya nyumba anachonga mzinga. Nikiwa bado mbali nikapaza sauti, "Bado hujafa?"

Aliweka tezo chini, akajipangusa mikono, akaja kunipokea njiani. "Shikamoo, mheshimiwa. Habari za safari? Dada hajambo?"

Nikajibu marahaba.

Alinitolea kiti chenye mgongo. Alichinja kuku. Nikampa barua, akaisoma yote taratibu, akaikunja kama ilivyokuwa. "Umefanya vizuri sana," akasema. "Ni kazi kubwa." Nikamwomba msamaha kwa maneno, si kwa karatasi tu, nikataja siku na mti na nilivyosema kuhusu masikio yake. Akasema, "Hayo yalikwisha, mheshimiwa. Mimi sina kinyongo." Naamini hana. Angekuwa nacho, ningekuwa na kitu cha kuondoa.

Jioni kabla jua halijashuka tulitembea msituni, yeye na kikapu. Ndege wa asali aliita, naye alijibu kwa mluzi ule mrefu ambao nilikuwa sijausikia miaka miwili. Nilifurahi mno. Nikaona ni wakati wangu. Kulikuwa na kichuguu kirefu mbele yetu, na juu yake kunguru, kunguru wa kawaida mwenye kola nyeupe, yule ambaye hata mtoto mchanga anamjua. Nikamnyooshea kidole, nikasema kwa sauti kubwa, "Kongoti! Na huyu yuko karibu kuvua viatu."

Nilimtazama usoni. Nilisubiri macho sita, nilisubiri nchi za mbali, nilisubiri chochote.

Akamtazama kunguru. "Inawezekana," akasema.

"Nimekosea, shemeji. Nipe kikapu."

"Hapana, mheshimiwa. Wewe ni mgeni."

Akakihamishia mkono wa pili, upande ambao singekifikia.

Bado ninakwenda Tura kila nikipata nafuu ya magoti, na kila nikienda nakosea ndege mmoja kwa makusudi na wawili bila kukusudia. Bado ninatembea Jumamosi na kikundi, na kikapu ninabeba mimi hata nisipokosea. Sitaacha. Ndege ninawajua sasa kuliko wakati wowote, kwa masikio na kwa macho, na watu wa mjini hunisifu. Lakini kusema "niandike mimi" kulinigharimu mtani wangu. Ninaye shemeji, mwema, anayenichinjia kuku na kuniamkia shikamoo. Yule aliyekuwa akiniuliza mlangoni kama bado sijafa hanipitii tena, na sina mwingine.